Mashine Zilizomkataa Alfonce

Kabla mambo hayajamgeuka, Alfonce Mwikwabe hakuweza kupita mbele ya steshenari yoyote ya Musoma bila kuitwa. Wengine walimwita Alfonce wa Wino, wengine Daktari, na wale waliomzoea zaidi walipiga tu mluzi, wakainua katriji tupu dirishani, naye akageuza pikipiki.

Kazi yake ilikuwa kujaza wino kwenye katriji za printa. Alikuwa na begi jeusi la mgongoni lenye chupa nne za wino, mabomba ya sindano ya hospitali, vitambaa, na kopo la plastiki lililojaa chipu ndogo ndogo, kila moja haizidi ukucha wa kidole cha mwisho. Chipu hizo ndizo zilizoiambia mashine kwamba katriji iliyowekwa ni nzima na imejaa. Alizinunua kwa fundi mmoja wa Mwanza, naye fundi alizitoa Kariakoo, na waliozitengeneza si wale waliotengeneza printa. Haikuwa siri. Kila mwenye duka alijua, na kila mwenye duka alifurahi, maana katriji halisi moja ilikaribia nusu ya bei ya mashine yenyewe.

Alizaliwa Buswahili, upande wa Butiama, kwenye mji wenye ng'ombe wengi na watoto wengi. Baba yake alitaka achunge. Yeye alikuwa mtu wa kufungua redio kuona ndani kuna nini, na mara nyingi redio hazikurudi kama zilivyokuwa. Akiwa na miaka ishirini na mbili alikwenda Mwanza, akamwoshea fundi vichwa vya printa, pale wino unapotokea, kwa miaka sita, kisha akarudi Mara na ujuzi na mke, Rhobi, wakapanga nyumba Kamunyonge. Jumatatu na Jumanne alizunguka Musoma mjini. Jumatano alikwenda Bunda. Alhamisi ilikuwa ya Butiama. Kwa miaka kumi na miwili aliishi hivyo, na katika muda wote huo ni mashine moja tu iliyomfia mikononi, na hiyo iliingiwa na mjusi.

Jumatatu ya pili ya mwezi wa sita, kabla hajamaliza uji, simu iliita. Alikuwa Dorah, mwenye steshenari kule Kitaji.

"Alfonce, uko wapi? Njoo hapa sasa hivi. Nina watu wa msiba dukani."

Alikuta wanawake watatu wamejifunga khanga wamekaa kwenye benchi, kimya. Walikuwa wanasubiri ratiba za mazishi ya mzee wao. Kwenye mdomo wa printa ilining'inia karatasi moja iliyotoka nusu. Picha ya marehemu ilikuwa imeanzia kwenye nywele, ikafika machoni, ikaishia hapo. Yule mwanamke mzee kuliko wenzake aliikazia macho karatasi ile kama mtu aliyeambiwa habari mbaya mara ya pili.

"Imesimama yenyewe," Dorah alisema. "Sijagusa kitu."

Alfonce aliinama kwenye kioo kidogo cha mashine. Maneno yalikuwa ya Kiingereza, akayasoma taratibu. Yalisema katriji iliyomo haina chipu ya mtengenezaji, imezuiwa, na ili kuendelea iwekwe katriji halisi. Onyo la namna hiyo hakuwa mgeni nalo. Siku zote mashine zilinung'unika kwamba wino si wa kwao, kisha zikauliza kama mtu anataka kuendelea, ukabonyeza ndiyo, kazi ikaenda. Alitafuta ile ndiyo. Safari hii haikuwepo.

Alichomoa katriji, akaifuta, akairudisha. Taa nyekundu iliendelea kukonyeza. Akaweka nyingine mpya kutoka kwenye begi. Ikakataa. Akabadilisha chipu mara tatu, na kila mara mashine ilikaa kimya sekunde chache kama inayofikiri, kisha ikaleta maneno yaleyale. Wale wanawake walisimama, wakaomba flashi yao, wakaondoka kutafuta duka jingine.

"Siku zote inafanyaga kazi," Dorah alisema huku akiwafuata kwa macho. "Tatizo ni nini?"

"Sijui," Alfonce alijibu. Lilikuwa jibu ambalo hakuwa amelitoa siku nyingi, na halikumkaa vizuri mdomoni.

Hajafika kwenye pikipiki, simu ikaita tena. Ilikuwa steshenari ya karibu na soko, taa nyekundu, maneno yaleyale. Mchana ikaita ya tatu. Kufikia Jumanne jioni mashine tano zilikuwa zimesimama, zote alizozijaza yeye, na kwenye maduka mawili alipopita watu waliacha kuongea alipoingia.

Usiku ule aliondoka mezani mapema, akamimina wino kidogo kutoka kila chupa kwenye vikombe vya kahawa. Akaunusa. Akaudondosha kwenye karatasi, akaupitisha kwenye kitambaa cheupe kuona kama una mchanga. Ulikuwa wino ule ule. Akapiga simu Mwanza kwa fundi wake kumuuliza kama mzigo wa mwisho ulikuwa na kasoro. Namba haikupatikana. Akapiga tena asubuhi, haikupatikana, na katika miaka kumi na miwili simu ya mtu yule haikuwahi kuzimwa siku ya kazi.

Jumatano alikwenda Bunda. Njiani alijiambia kwamba kwa mzee Stanislausi mambo yatakuwa shwari, kwa sababu ndiye mteja wake wa kwanza Bunda, mtu wa miaka sitini na zaidi, karani mstaafu wa ghala, mwenye mashine nne na heshima ya mji mzima. Mzee huyo alikuwa akimwita mwanangu.

"Shikamoo mzee."

Stanislausi hakuitikia. Alikuwa amesimama nyuma ya kaunta na wenye maduka wengine watatu, na kwenye meza ndefu printa zake tatu zilikuwa zimepangwa mstari, zote zinakonyeza taa nyekundu, hazikonyezi pamoja, moja inawaka nyingine inazima. Alfonce alizitazama moja moja.

"Weka begi hapa," mzee alisema.

Aliliweka. Mzee akalichukua, akalitia kwenye kabati la chuma, akafunga, akatia ufunguo mfukoni mwa shati.

"Wino wako una nini, Alfonce?"

"Mzee, ni wino uleule wa siku zote. Nimeupima."

"Umeupima wewe." Stanislausi alizungumza polepole, na hilo lilikuwa baya kuliko kelele. "Mashine tatu, asubuhi moja. Ng'ombe watatu wakilala asubuhi moja zizini, mwenye zizi anauliza nani alipita jana. Mimi nauliza hivyo tu."

"Hata Musoma zimesimama, mzee. Nafikiri kuna kitu..."

"Hata Musoma ulipita wewe."

Mmoja wa wale watatu alitoa simu akampiga picha, wazi wazi, bila kujificha.

"Jumamosi, saa nne asubuhi," Stanislausi alisema. "Uje hapa, uzifanye zifanye kazi mbele yetu sote. Ukishindwa, mimi na wewe tunaongozana kituoni. Usipokuja, tutakuja sisi Kamunyonge. Nyumba yako tunaijua."

Aliporudi nyumbani alimkuta Rhobi amekaa mlangoni, dagaa mapajani hawajachambuliwa.

"Baba Brenda, kaa chini kwanza."

Alimpa simu. Ilikuwa sauti iliyorekodiwa, imetumwa kwenye kundi la kwaya yao, na juu yake palikuwa na alama inayoonyesha kwamba imeshapitishwa mikono mingi. Alfonce aliitambua sauti kabla haijamaliza neno la pili. Ilikuwa ya Dorah. "Jamani wenzangu wenye steshenari, huyu Alfonce wa Wino msimpokee tena. Ule wino anachanganyaga na kitu. Unaua mashine. Mimi yangu imekufa mbele ya watu wa msiba. Mkimwona anaingia, fungeni mlango."

Chini yake mtu alikuwa ameweka picha ile ya Bunda. Uso wake ulikuwa umetoka kama wa mtu aliyekamatwa.

"Unachanganya?" Rhobi aliuliza.

Alimtazama. Rhobi hakuinamisha macho.

"Nimeuliza ili nijue la kuwajibu," alisema. "Leo kisimani wameniuliza mara mbili."

"Sichanganyi."

"Basi." Akaichukua simu yake. "Lakini hilo halitatosha, Baba Brenda. Watataka kujua ni nani basi."

Alhamisi karibu asiende popote. Kilichomtoa ni ujumbe wa Mwalimu Marieta, mkuu wa shule ya msingi kule Buswahili, aliyesema kwamba printa ya shule imeishiwa wino na mtihani wa majaribio wa darasa la saba ni Jumatatu. Alfonce alibeba chupa ya akiba iliyobaki nyumbani na chipu chache zilizokuwa kwenye droo. Njia nzima alikuwa akiiona taa nyekundu.

"Mwalimu," alisema walipoingia ofisini, "labda umesikia wanavyosema."

"Nimesikia. Nimeisikiliza ile sauti mara mbili." Marieta alikuwa mwanamke mrefu mwenye miwani iliyoshonwa kwa uzi pembeni. "Lakini watoto wanafanya mtihani Jumatatu. Jaza."

Alijaza. Akaweka katriji, akafunga kifuniko, akasubiri ile sekunde ya mashine kufikiri. Printa ikanguruma, ikavuta karatasi, ikatoa ukurasa wa kwanza wa mtihani wa hisabati, mweusi, safi. Ukafuata wa pili. Ukafuata wa kumi.

Alfonce alikaa kwenye dawati lililokuwa pale ofisini. Wino ulikuwa wa aina ileile iliyojaza mashine ya Dorah. Chipu zilitoka kwenye mzigo uleule. Printa ilikuwa ya kampuni ileile, toleo lilelile, maana alikuwepo zikinunuliwa. Aliingia kwenye menyu akaamuru mashine ichapishe karatasi ya habari zake yenyewe, na kwenye mstari wa saba akaona tarehe ya programu inayoiendesha. Ilikuwa ya miaka mitatu nyuma, siku ilipotoka kiwandani.

"Mwalimu, hii imewahi kuunganishwa na intaneti?"

Marieta alicheka. "Intaneti ipi? Hapa hata kupiga simu napandaga juu ya ule mwamba. Ujumbe niliokuandikia nimeutuma kutoka kule."

Alfonce hakucheka. Alikuwa anafikiria mashine ya Dorah iliyokaa pembeni ya kompyuta yenye intaneti mchana na usiku, na zile tatu za Stanislausi, na ya karibu na soko. Kisha akakumbuka mashine ya nne ya mzee, ile kuukuu ya pembeni, isiyounganishwa na chochote isipokuwa waya wa umeme. Jumatano haikuwa mezani pamoja na wenzake. Ilikuwa inafanya kazi.

Ijumaa asubuhi alisimama nje ya duka la Dorah. Dorah alimwona, akaweka mkono kwenye mlango.

"Sitagusa kitu," Alfonce alisema. "Bonyeza wewe mwenyewe. Nataka uone tarehe moja tu."

Alisita, kisha akamwachia nafasi ya kusimama kizingitini. Alfonce alimwelekeza kwa mdomo, menyu baada ya menyu, mpaka Dorah akafika kwenye mstari ule.

"Inasema Jumapili," Dorah alisema. "Jumapili hii iliyopita."

"Jumapili ulifungua duka?"

"Nilipita baada ya misa kuprinti matangazo ya jumuiya." Aliigeukia kompyuta. "Ikaleta maandishi marefu kwenye kompyuta. Ikasema kuna maboresho, nikubali. Nikabonyeza iondoke."

"Uliyasoma?"

"Nani anasomaga yale, Alfonce?"

"Mimi pia siyasomi. Lakini ndani yake ndimo walimoweka. Wameibadilisha mashine yako kichwa, na Jumatatu ilipoikagua chipu katikati ya karatasi ikaikataa. Sasa haimtambui mtu yeyote isipokuwa wao."

Dorah aliigeukia printa yake, akarudi nyuma hatua moja, kama mtu aliyegundua kwamba kitu alichokiweka chumbani kina masikio.

"Wao nani?"

Alfonce alionyesha jina lililogandishwa kwenye plastiki mbele ya mashine.

"Nitawaambiaje watu hivyo?" Dorah alisema kwa sauti ya chini. "Kwamba mtu wa ng'ambo ameingia Kitaji, amezima mashine yangu, na hajavuka mlango?"

"Kesho saa nne niko Bunda kwa mzee Stanislausi. Njoo uwaambie hiyo tarehe tu. Mengine nitayasema mimi."

Hakuahidi.

Jioni ile Alfonce aliishusha printa yake kutoka juu ya kabati. Ilikuwa ya majaribio. Kila katriji aliyoijaza nyumbani aliijaribu kwanza kwenye hiyo, na haikuwahi kuunganishwa na kitu. Rhobi alimtazama akiifunga kwenye shuka.

"Unaipeleka wapi?"

"Bunda. Maneno hawatayaamini. Lazima waione ikigeuka."

"Ukiiunganisha itakufa."

"Itakufa."

Rhobi alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Alikuwa mwepesi wa kuelewa kuliko yeye, na Alfonce aliona usoni mwake jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelikwepa tangu Buswahili.

"Sikiliza," Rhobi alisema. "Usipowaonyesha, wewe ni mwizi na muuaji wa mashine. Ukiwaonyesha, umewaambia wote kwamba wino wako hautaingia tena. Umeliona hilo?"

"Nimeliona."

"Na bado utakwenda."

"Wanajua nyumba yetu, Mama Brenda."

Rhobi alimletea kamba ya kufungia mzigo.

Saa nne ya Jumamosi duka la Stanislausi lilikuwa limejaa hadi barazani. Walikuwepo wenye maduka wa Bunda, wengine watatu wa Musoma, na watu waliokuja tu kuona mtu akipelekwa polisi. Dorah alikuwa nyuma kabisa, ameshika mkoba kwa mikono miwili. Alfonce aliweka mashine yake kaunta, akamwomba mzee begi. Stanislausi alifungua kabati, akalitoa, akabaki amelishika mkanda.

"Mzee, chagua wewe chupa. Chagua na katriji."

Mzee alichagua. Alfonce alijaza mbele yao, akachomeka, akabonyeza. Mashine ilitoa ukurasa wenye rangi zote nne, hauna hata mstari uliokatika. Karatasi ilipita mkono kwa mkono. Mtu mmoja aliinusa.

"Huu ndio wino mnaosema unaua," Alfonce alisema. "Sasa mzee, naomba simu yako iwe na bando. Washa hotspoti. Mimi simu yangu iko mfukoni, msije mkasema nimefanya mchezo."

Stanislausi aliwasha. Alfonce aliiunganisha mashine, kwa mara ya kwanza tangu aitoe kwenye boksi, kisha akarudi nyuma, akakunja mikono, na hakuigusa tena.

Kwa dakika nzima hakikutokea kitu, na mtu mmoja akaanza kucheka. Kisha kioo kikawaka chenyewe. Ukatokea mstari mwembamba ukianza kujaa kutoka kushoto, asilimia tatu, asilimia tisa. Hakuna aliyeamuru, hakuna aliyebonyeza, na mstari uliendelea kwenda. Asilimia arobaini. Mtu wa nyuma akauliza kwa kunong'ona nani anafanya hivyo. Asilimia themanini. Mashine ikajizima, ikakaa giza, ikajiwasha.

Taa nyekundu ikaanza kukonyeza.

Katriji ilikuwa ileile, haijatolewa. Stanislausi alivaa miwani, akainama, akasoma maneno kwenye kioo, kisha akageuka akazitazama zake tatu mezani, zikikonyeza kama hiyo.

"Mashine yangu inasema Jumapili," Dorah alisema ghafla kutoka nyuma, na sauti yake ikapasuka. "Nilibonyeza nakubali. Mimi mwenyewe."

"Hata mimi," mwingine alisema.

"Yangu haikuuliza," akasema wa tatu. "Ilijifanyia tu."

Mzee Stanislausi aliliweka begi mbele ya Alfonce. Kisha akauliza swali ambalo Rhobi alikuwa ameliona tangu jana yake.

"Kwa hiyo wino wako hautakubaliwa tena."

"Kwa mashine hizi, hapana."

"Wa mwingine je?"

"Wa yeyote ambaye si wao."

"Na mashine nilinunua mimi. Risiti ninayo."

"Unayo, mzee."

Mzee alivua miwani. Ilionekana kama anatafuta mtu wa kumkasirikia na hampati, kwa sababu safari hii mtu huyo hakuwa ndani ya chumba, wala Bunda, wala mahali ambapo pikipiki ingefika. "Nisamehe, mwanangu," alisema hatimaye, kwa sauti ya kuchoka. Alfonce aliitikia kwa kichwa. Alipokuwa akifunga kamba kwenye mzigo wake uliokufa aliwasikia ndani tayari wanapiga simu Mwanza, wanaulizia katriji halisi, nani anazo, zinafika lini.

Dorah aliifuta ile sauti kwenye simu yake siku hiyohiyo, akarekodi nyingine ya kuomba radhi. Ya kwanza ilikuwa imeshafika Serengeti na Tarime. Ya pili haikufika mbali.

Wiki zilizofuata Alfonce aligeuka mtu wa kukimbizana na muda. Alijua bado kuna mashine ambazo hazijaguswa, kumi na moja kwa hesabu yake, akazipitia moja moja kuzitoa kwenye intaneti na kuzima kwenye menyu ile sehemu ya kupokea maboresho. Saba aliziwahi. Mbili alizikuta zimeshakonyeza. Wenye mbili za mwisho walikataa asiziguse, mmoja akasema kampuni imetuma ujumbe kwamba anayezima maboresho anapoteza dhamana. Yule fundi wa Mwanza alipatikana mwezi wa saba, kwa namba ya mke wake. Alikuwa amefunga duka. Wateja walikuja na rungu, alisema, na yeye hakuwa na printa ya kuwaonyesha.

Alfonce akabaki na mashine kuukuu, zile zilizotengenezwa kabla ya mambo ya intaneti. Alizinunua zikiwa zimetupwa stoo za ofisi na za parokia, akazifufua, akaziuza kwa watu wenye maduka madogo. Zilimlisha, kwa shida. Kila alipofungua moja akachukua kifaa cha nyingine, alijua zimepungua kwa moja, na kwamba hakuna mahali zinapozaliwa tena.

Mwezi wa tisa Mwalimu Marieta alimwita tena. Ofisini palikuwa na boksi jipya.

"Shirika moja limetupa," alisema. "Pamoja na sola na kifaa cha intaneti. Nisaidie kuiwasha."

Alfonce alifungua boksi, akatoa kijitabu. Kwenye ukurasa wa kwanza paliandikwa kwamba mashine haitachapisha hata karatasi moja kabla haijaunganishwa na kujisajili, kwamba lazima ibaki imeunganishwa wakati wote, na kwamba inakubali wino wa mtengenezaji tu. Alimsomea yote kwa Kiswahili, hakuruka kitu.

"Ikikatika intaneti?"

"Inasimama."

"Na mtihani?"

Alfonce alikifunga kijitabu.

Marieta alifungua droo, akatoa barua. "Wanataka ile ya zamani wakabidhiwe Ijumaa, ikaharibiwe kwa ajili ya kulinda mazingira." Aliitazama printa yake pembeni, yenye vumbi la chaki kwenye kifuniko. "Nimewajibu kwamba ilishakufa. Imezikwa shimoni."

Wakaibeba wawili hadi stoo, wakaiweka nyuma ya magunia ya mahindi ya chakula cha watoto, wakaifunika turubai. Kisha Alfonce alimfundisha kujaza. Alimwonyesha tundu la kuingizia sindano, jinsi ya kusukuma polepole wino usifurike, jinsi ya kuishika katriji ikiwa imelala upande. Marieta alirudia mara nne mpaka akaweza bila kuangaliwa.

"Itadumu muda gani?" aliuliza.

"Kichwa cha printa kikiwa kizima, miaka miwili. Labda mitatu."

"Halafu?"

"Halafu sijui, Mwalimu."

Alimwachia chupa mbili za wino mweusi na chipu zote zilizobaki kwenye kopo. Alipofika barabara kuu, penye mtandao, simu yake ilitetemeka. Ulikuwa ujumbe kutoka namba asiyoijua. Mwandishi alijitambulisha kwa jina la Matrida, ana steshenari Tarime, amepewa namba na mtu wa kanisani. Printa yake ilikuwa inafanya kazi vizuri tu, aliandika, ila asubuhi ile imeleta maneno marefu ya Kiingereza, inaomba akubali. Abonyeze?

Alfonce alisimamisha pikipiki kwenye mchanga wa pembeni, akapiga. Simu iliita hadi ikakatika. Akapiga mara ya pili, lori likapita likamfunika vumbi, naye akaziba sikio la pili kwa kiganja akisikiliza mlio. Mara ya tatu ikapokelewa.

"Usibonyeze," alisema, hata kabla ya salamu. "Dada, chomoa waya wa intaneti, usibonyeze kitu."

Upande wa pili palikuwa na sauti za wateja, na mtu akiulizia bei ya daftari.

"Nimeshabonyeza, kaka," Matrida alisema. "Inakwenda. Imefika asilimia sitini. Kuna ubaya?"